Mistari iliingia 6,214, ikatoka 6,214, lakini kilo zimepungua. Nani kazila?

#1 Mdau_wa_Mambrui (Malindi)

Salaam wakuu. Nina jedwali la samaki waliopimwa madikoni (vyombo vinaposhusha samaki), Malindi na Lamu pamoja. Kila mstari ni chombo kimoja kilichorudi na mzigo wake: tarehe, diko, chombo, samaki, kilo, bei, saa za baharini. Linasomwa kwenye R (programu ya takwimu), linaunganishwa na orodha ya madiko ili kila mstari upate kaunti na kata, linachujwa, kisha jumla kwa mwezi.

Nikiuliza `nrow` (idadi ya mistari) mwanzoni naambiwa 6,214. Nikiuliza mwishoni, kabla tu ya jumla, 6,214. Ningekuwa mtu wa kuridhika upesi ningefunga laptopu nikaenda zangu. Ila jumla ya kilo ya mwisho ni pungufu ya ile ya mwanzo kwa zaidi ya tani moja na nusu. Skripti imepita mikono ya watu watatu kabla yangu: ina `merge` ya kuunganisha, ina mabano ya mraba ya kuchuja, ina `aggregate` ya kujumlisha mwishoni. Nyinyi mnaufuataje mstari mmoja mmoja, hatua kwa hatua, mjue umeishia wapi?

#2 Mla_Mahamri

Tani moja na nusu ya samaki na data imepitia Lamu? Waulize paka kwanza.

#3 Nahodha_R (Kilifi)

Idadi kuwa sawa haithibitishi kitu. Matatu ikishusha wanne Gede na kupakia wanne wengine, kondakta bado anahesabu kumi na wanne, lakini mama yako huenda kashuka.

`merge` ya R usipoiambia lolote inatupa kila mstari usiopata mwenzake upande wa pili. Haikwambii. Na kama kwenye orodha yako ya madiko jina moja limeandikwa mara mbili, kila mstari wa diko hilo unazaa pacha, pia haikwambii. Huku unapunguziwa, huku unaongezewa. Weka `all.x = TRUE` uone idadi inapanda hadi ngapi.

Jambo jingine: `merge` hupanga mistari upya kwa kufuata ufunguo, yaani safu inayounganishia, kwako jina la diko. Usilinganishe mstari wa 100 wa kabla na wa 100 wa baada ukadhani ni mtu mmoja.

#4 Mzee_Logi (Mombasa)

Vijana mnateseka kwa kupenda. Stata, programu nyingine ya takwimu, inasema yenyewe. Ukiandika `drop if kilo == 0` inakujibu papo hapo mistari mingapi imefutwa. Ukiunganisha inakuchorea kijedwali: waliopatana wangapi, waliobaki upande wa kwanza wangapi, wa pili wangapi, na kila mstari unaachiwa safu ya `_merge` yenye 1, 2 au 3. SAS, ndugu yake, vilevile, logi yake inaandika imesoma mistari mingapi na imetoa mingapi kwa kila hatua. Hiyo R yenu mpaka uishike koo.

#5 Pweza_Miguu8

Mzee, Stata inalipiwa. Sisi tunaotafuta vya bwerere je?

#6 Mzee_Logi

Bwerere ndiyo iliyomla mwenzenu tani moja na nusu.

#7 BintiShela (Lamu)

Nahodha #3 huenda yuko sawa, lakini kuna maelezo mepesi zaidi. Mleta uzi kataja mabano ya mraba na hakuna aliyeshtuka.

Ukiandika `d[d$bei > 0, ]` na bei nyingine hazipo (R huziandika NA), R haiwezi kujua kama NA ni zaidi ya sifuri. Basi haiutoi mstari wala haiuachi ulivyo, inaweka mzimu mahali pake. Mzimu unahesabiwa na `nrow`, ila kila safu yake ni NA, kilo ikiwemo. Mwishoni mtu kaandika `sum` na `na.rm = TRUE`, yaani ruka NA, kilo zimekwenda na maji. Idadi ileile, kilo pungufu: ndiyo dalili uliyoileta.

Tazama majina ya mistari upande wa kushoto. Ukiona NA, NA.1, NA.2, NA.3 yakifuatana, ndio hao. `subset` na `filter` hazifanyi hivyo, zenyewe zinautupa moja kwa moja mstari ambao jibu lake ni NA. Ni balaa pia, lakini angalau `nrow` inashuka ukashtuka.

#8 Mdau_wa_Mambrui

Dada Shela, mizimu ipo! 41 kamili, hadi NA.40. Na najua bei hazikuwepo kwa nini: samaki wa kitoweo hauzwi, anakwenda nyumbani kwa mvuvi, karani anaacha nafasi wazi.

Lakini nimezijumlisha kilo za hao 41 kutoka faili la mwanzo, hazifiki nusu ya zilizopotea. Kuna mwingine.

#9 Chatu_wa_Kilifi

Ningekuwa mimi ningefanya yote haya kwa pandas ya Python. `merge` yake ukiiwekea `indicator=True` inakupa safu ya `_merge` kama ya Mzee Logi, ila kwa maneno badala ya namba. Na ukiiwekea `validate="m:1"` inagoma kabisa orodha ya madiko ikiwa na jina lililojirudia. Haionyi, inagoma.

#10 Nahodha_R

Chatu, pandas yako nayo inakula. `groupby`, ya kujumlisha kwa makundi, huwatupa wote ambao ufunguo wao haupo, usipoandika `dropna=False`, na hilo la kuandika lilikuja toleo la 1.1 mwaka 2020. Kabla ya hapo ulikuwa unawajazia jina la uongo ili wasipotee. Tena ukiunganisha majedwali mawili na yote yana funguo tupu, pandas inaoanisha tupu na tupu. Tupu kumi huku na kumi kule, mia moja hizo.

#11 Chatu_wa_Kilifi

Na dplyr, kifurushi chenu cha R, haifanyi hivyo? NA na NA zinaoana humo pia mpaka uikataze kwa `na_matches = "never"`. Tusichekane.

#12 Karani_wa_Zamani (Malindi)

Mnampa mtu nadharia wakati dawa ni mstari mmoja. Mara tu unaposoma faili, kabla hujagusa kitu:

`d$asili <- seq_len(nrow(d))`

Kila mstari umepata namba yake ya kuzaliwa. Baada ya kila hatua uliza maswali matatu. `setdiff` ya namba za mwanzo na za sasa inakupa waliopotea. `duplicated` inakupa waliozaa pacha. `is.na` inakupa mizimu ya BintiShela. Hapo huna haja ya kumwamini mtu yeyote humu, mimi nikiwemo. Tulifanya hivi enzi za madaftari, kila fomu ilipigwa muhuri wa namba kabla ya kuingia ofisini, na fomu isiyo na namba haikuingizwa.

#13 Takwimu_na_Kahawa

Kwa nini ateseke? Kuna kifurushi cha tidylog, cha Benjamin Elbers. Ukishapakia dplyr unapakia tidylog juu yake, halafu unaandika skripti yako kama kawaida. Kila `filter` inakwambia imeondoa mistari mingapi na imebakisha mingapi, kila `left_join` inakwambia mingapi ya kushoto tu, mingapi imeoana, na kama idadi imeongezeka. Ndiyo logi ya Mzee bila ya kulipa.

#14 BintiShela

Kahawa, tidylog inazisikia kazi za dplyr na tidyr tu. Mabano ya mraba haiyaoni, `merge` ya R asilia haiioni. Skripti ya mleta uzi ina hizohizo. Atapakia tidylog, itanyamaza, atadhani mambo ni shwari.

#15 Takwimu_na_Kahawa

Sawa, aandike upya kwa dplyr basi. Isitoshe tangu toleo la 1.1.0, mwanzoni mwa 2023, dplyr inakuonya mstari ukipata wenzake zaidi ya mmoja.

#16 Nahodha_R

Nusu kweli. 1.1.0 ilionya hivyo, watu wakalalamika kelele zimezidi, na haikupita miezi miwili 1.1.1 ikarudi nyuma: sasa inaonya pale tu marudio yanapokuwa pande zote mbili. Upande mmoja ukirudufu kwa wengi, inachukulia ndivyo ulivyotaka. Kama una uhakika diko moja ni mstari mmoja kwenye orodha, andika `relationship = "many-to-one"` nayo itagoma kama ya Chatu.

#17 Pweza_Miguu8

Mzee Logi yuko wapi? Kimya kimezidi.

#18 Mzee_Logi

Nilikuwa naswali. Nimesoma yote. Mnajenga kwa vijiti kile ambacho Stata inakupa ukiifungua tu.

#19 BintiShela

Ami, kwa heshima zote, Stata nayo ina lake. Thamani isiyokuwepo ndani ya Stata ni kubwa kuliko namba yoyote. `keep if kilo > 50` inawabakisha wote wasio na kilo, kana kwamba walivua zaidi ya kila mtu. SAS ni kinyume chake: asiye na kilo ni mdogo kuliko wote, kwa hiyo `kilo < 5` ndiyo inayombeba. Sharti moja, faili moja, programu tatu: R inakupa mzimu au inamtupa, Stata inampandisha juu, SAS inamshusha chini. Na Stata itakuandikia idadi ya waliofutwa kwa ujasiri kabisa, wala haitakwambia kwamba waliobaki wamo wasiostahili.

#20 Mzee_Logi

Hilo kila mtu anajua. Unaandika `& !missing(kilo)`.

#21 Mla_Mahamri

"Kila mtu anajua" ndiyo sentensi iliyozamisha majahazi mengi kuliko kusi.

#22 Mdau_wa_Mambrui

Nimefanya ya Karani #12. Wallahi ni dakika mbili tu. Matokeo:

Namba za kuzaliwa zilizopotea: 64. Kati ya hizo 41 ndio mizimu, 23 hazimo kabisa. Namba zilizotokea mara mbili: 23. Kwa hiyo 6,214 toa 64, ongeza mizimu 41, ongeza pacha 23, unarudi 6,214. Sasa tazameni hili: waliopotea 23 wote ni wa Shella, hapa Malindi. Waliozaa pacha 23 wote ni wa Shela, Lamu.

#23 BintiShela

Mumeona! Mumetuiba jina, sasa mwatuiba na samaki.

Kilichotokea naona hivi. Mtu kati ya wale watatu aliona kwenye orodha ya madiko kuna Shella na Shela, akadhani ni kosa la herufi, "akasafisha". Orodha ikawa na Shela mbili, moja ya kaunti ya Lamu, moja ya kaunti ya Kilifi. Jedwali la samaki halikuguswa, bado lina Shella yenye L mbili. Zikiunganishwa, Shella haina mwenzake, inatupwa. Shela ina wenzake wawili, inarudufika. Wavuvi wangu wameandikiwa mzigo mara mbili, tena mara moja ndani ya Kilifi.

#24 Nahodha_R

Nilisema #3.

#25 Chatu_wa_Kilifi

Ulisema, lakini 23 na 23? Bahati ya mtende hiyo. Siamini. Lazima kuna kitu kinacholazimisha zilingane.

#26 Karani_wa_Zamani

Huenda hakuna bahati. Kama ratiba ya sampuli iligawa siku sawasawa kwa kila diko na karani anapima idadi maalumu ya vyombo kwa siku, madiko mawili madogo yatatoka na mistari sawa. Mdau, ratiba ikoje?

#27 Mdau_wa_Mambrui

Ratiba ipo lakini haifuatwi hivyo. Msimu wa kusi bahari ikichafuka vyombo vidogo havitoki, karani anakaa dikoni siku nzima na kupima mashua mbili. Kwa hiyo sijui.

#28 Chatu_wa_Kilifi

Basi nadharia yangu inasimama. Kuna hatua ndani ya skripti inayolinganisha urefu, mathalan mtu alikata jedwali liwe na mistari 6,214 ili lipite kwenye ukaguzi fulani.

#29 Takwimu_na_Kahawa

Tafuta `stopifnot` humo ndani, amri ya kugoma sharti lisipotimia. Wengi huandika kwamba mistari ya kabla na ya baada iwe sawa, wakadhani wamejilinda. Kwake ingepita kifua mbele, 6,214 kwa 6,214. Ukaguzi wenye maana ni wa ufunguo: hakuna jina linalojirudia kwenye orodha, na hakuna diko kwenye data ambalo halimo kwenye orodha. `anti_join` moja, inayotoa wasio na mwenzao, inatosha kwa hilo la pili. Stata ina `isid` kwa la kwanza, Mzee nakupa hiyo.

#30 Mzee_Logi

Nimeipokea.

#31 Nahodha_R

Mimi sipendi skripti inayogoma. Data ya madiko haijawahi kuwa safi hata siku moja, ukigoma kwa kila kasoro hutatoa ripoti mpaka kaskazi irudi. Acha iende, andika kwenye logi, mtu asome logi.

#32 Takwimu_na_Kahawa

Nani anasoma logi, Nahodha?

#33 Karani_wa_Zamani

Hasomi mtu. Wenzetu wa majaribio ya dawa walilimaliza hili tangu miaka ya 1990 kwa mchoro wa CONSORT: waliochunguzwa wangapi, walioachwa wangapi na kwa nini, waliogawiwa kila kundi wangapi, waliochambuliwa mwisho wangapi. Mchoro uko ndani ya ripoti yenyewe, msomaji anauona. Sisi wa samaki tunaweka jumla ya tani na ramani nzuri, idadi ya mistari tuliyoitupa hatuitaji hata kwa maandishi madogo.

#34 Pweza_Miguu8

Na wakubwa pia yanawakuta. Oktoba 2020 Uingereza ilitangaza kwamba visa 15,841 vya korona havikuwa vimeingia kwenye takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, XLS, ambazo zinabeba mistari 65,536 basi. Iliyozidi ilikatwa, na waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

#35 Chatu_wa_Kilifi

Na wale maprofesa wa madeni, Reinhart na Rogoff. Makala yao ya 2010 yalinukuliwa na serikali kibao, kumbe wastani wao kwenye Excel uliacha nchi tano. Mwanafunzi ndiye aliyegundua, Thomas Herndon, mwaka 2013.

#36 Karani_wa_Zamani

Tano ndizo, tena tano za mwanzo kwa alfabeti: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada, Denmark. Lakini usiishie hapo, Chatu. Herndon na walimu wake walilalamikia pia miaka iliyoachwa kwa baadhi ya nchi na namna nchi zilivyopewa uzito sawa. Mistari ya Excel ndiyo iliyowachekesha watu, ila sehemu kubwa ya tofauti ilitoka kwingine.

#37 Mdau_wa_Mambrui

Narudi kwangu kidogo. Nimezirudisha Shella 23, nimeondoa pacha 23, nimerudisha kilo za wale 41. Bado jumla ya mwisho ni pungufu kwa kilo mia mbili na kitu. Namba za kuzaliwa zote zipo mpaka kabla ya `aggregate`.

#38 BintiShela

Ndiyo `aggregate` hiyohiyo. Umeandika kwa alama ya `~`?

#39 Mdau_wa_Mambrui

Ndiyo. `cbind(kilo, saa) ~ mwezi`.

#40 BintiShela

Basi. Kwa mtindo huo `aggregate` inaanza kwa `na.omit`. Mstari usio na saa za baharini unatupwa mzima, na kilo zake ndani. Jumlisha kilo peke yake, saa peke yake.

#41 Nahodha_R

Au ni usiku. Wavuvi wa karabai wanarudi saa 8 za usiku. Tableti inaandika wakati wenye saa za Afrika Mashariki, lakini ukiugeuza kuwa tarehe kwa kipimo cha UTC, saa ya Greenwich, unarudi nyuma saa tatu, na chombo kilichofika tarehe 1 kinakuwa cha jana yake. Mwezi wa kwanza wa data ukimwaga watu hivyo, wanaangukia mwezi ambao haumo kwenye ripoti. Mstari upo, ila uko nje ya dirisha.

#42 Mla_Mahamri

Na karani wa kwetu ukimwambia aandike saa mwenyewe ataandika 8:00, na programu itaelewa asubuhi watu wakinywa chai.

#43 Takwimu_na_Kahawa

Mimi nina shaka ya tatu. Mdau, huo "mwanzo" unaolinganisha nao ni mwanzo kweli? Kama yeyote kati ya wale watatu alitumia kifurushi cha data.table, `b <- a` hainakili. Ukibadilisha `b` kwa `:=`, `a` nayo imebadilika, maana ni jedwali moja lenye majina mawili. Unalinganisha jedwali na nafsi yake. Lazima uandike `copy`.

#44 Mdau_wa_Mambrui

data.table imo, ndiyo. Nimepakia lakini sijaona `:=` popote. Nitaangalia vizuri umeme ukirudi, hapa tumezimiwa.

#45 Chatu_wa_Kilifi

Wakati tunamngoja: kuna anayetumia kifurushi cha daff? Unampa majedwali mawili, anakuonyesha kwa rangi mistari iliyoongezwa, iliyotolewa na kisanduku kilichobadilishwa. Kwa jedwali dogo ni tamu. Lumberjack ya Mark van der Loo nayo inaandika mabadiliko ya kisanduku kwa kisanduku hadi kwenye faili.

#46 Karani_wa_Zamani

Lumberjack ya kisanduku kwa kisanduku inadai ufunguo wa mstari, na daff bila huo inabaki kukisia nani ni nani. Bila namba ya kuzaliwa havina cha kushikilia kwa uhakika.

#47 Fundi_Kobo (Mokowe)

Nimechelewa. Mnabishana kuanzia `nrow` ya kwanza, mie nauliza hiyo 6,214 yenyewe imetoka wapi. Ni idadi ya seva au ya R baada ya kusoma? Na faili limesomwa kwa amri gani?

#48 Mdau_wa_Mambrui

Umeme umerudi. Ni ya R. Amri ni `read.table` na `sep = ","`.

#49 Fundi_Kobo

Nilijua. `read.csv` inatambua nukuu yenye vistari viwili (") tu, lakini `read.table` inatambua na kile kidole kimoja cha juu ('). Wewe una wavuvi wanaokwenda dago, wanakaa visiwani, wanakausha huko, wanarudi na ng'onda. Faili lako litakuwa na kitu kama hiki:

`2,Ngomeni,papa ng'onda,12`
`3,Mambrui,changu,30`
`4,Ngomeni,papa ng'onda,9`

R inafika kwenye ng' ya kwanza, inadhani nukuu imefunguliwa. Inameza kila kitu, koma na mwisho wa mstari pia, mpaka ikutane na ng' ya pili ambapo inadhani imefungwa. Unapata mstari mmoja: 2, Ngomeni, kisha samaki mwenye jina refu kama treni, kisha 9. Safu ni nne vilevile, kwa hiyo hakuna malalamiko. Kilo 12 na kilo 30 zimo ndani ya jina la samaki. Ng'onda zikiwa shufwa hata onyo la mwisho wa faili hulipati.

#50 Nahodha_R

Maashallah. Lakini hilo halielezi pengo lake, Fundi. Pengo ni kati ya mwanzo na mwisho, na hizi zilipotea kabla ya mwanzo.

#51 Fundi_Kobo

Sikusema linaeleza pengo. Nasema mnatafuta kilo mia mbili ndani ya nyumba na mlango wa mbele uko wazi. Mdau, endesha `count.fields` kwa `sep` ileile. Mistari iliyomezwa itakurudishia NA.

#52 Mdau_wa_Mambrui

NA saba. Nikisoma upya kwa `read.csv` napata 6,221. Seva inasema 6,230.

#53 Mla_Mahamri

Kumbe wamezidi. Nani alisema wamepungua?

#54 Mzee_Logi

Mdau, hizo saba zina kilo ngapi?

#55 Mdau_wa_Mambrui

Ng'onda ni nyepesi, ila katikati walimezwa pia nguru wawili wa Ngomeni. Nahesabu. Na ya `aggregate` nimejaribu kama alivyosema BintiShela: pengo limepungua lakini halijaisha. Ya usiku sijaijaribu.

#56 Fundi_Kobo

Tisa zilizobaki kwenye seva, niambie kwanza: ulishusha mara moja au ulishusha vipande ukaviunganisha? Kama fomu ni ya Kobo (programu ya kukusanya data kwa tableti) na samaki wako kwenye kundi la kujirudia, wanatoka kwenye karatasi yao peke yao na wanashikana na chombo kwa `_parent_index`. Hiyo ni namba ya mstari ndani ya upakuaji ule tu. Upakuaji wa pili unaanza tena 1, na samaki wa mashua ya Faza wanajikuta ndani ya hori ya Mambrui. Tumia `_submission__uuid`, kitambulisho kisichojirudia.

#57 Mdau_wa_Mambrui

Vipande viwili, Lamu peke yake na Malindi peke yake.

#58 Fundi_Kobo

Shusha upya vyote pamoja, soma kwa `read.csv`, piga namba za Karani, halafu lete idadi hapa kabla hujaunganisha chochote.